Marcellin Champagnat, Mwanafunzi Mzito Aliyewatayarisha Waalimu

Katika nchi ya Kivu waalimu wengi walilijua jina la Marcellin Champagnat kabla ya kuzijua habari zake. Walilisikia Nyangezi, kusini mwa Bukavu, mahali ambapo Mafrere Wamaristi waliwafundisha vijana kazi ya ualimu kwa miaka mingi. Waliiona picha yake ukutani, padre wa kanzu nyeusi mwenye uso mtulivu, na labda wakadhani kwamba mtu huyu alizaliwa na elimu mkononi. Sivyo. Yeye aliyewaandaa waalimu kwa mamia alikuwa mwanafunzi mzito, aliyeikimbia shule siku ile ile ya kwanza.

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1789 katika kitongoji cha Le Rosey, parokia ya Marlhes, kwenye milima iliyo karibu na mji wa Saint-Étienne, nchini Ufaransa. Mwaka huo ndio uliozaa mapinduzi makubwa ya Wafaransa. Baba yake alikuwa mkulima na mwenye kinu, mtu aliyejua kusoma na kuandika, na kwa sababu hiyo alipewa madaraka kijijini. Mama yake, Marie-Thérèse Chirat, alizaa watoto 10, naye Marcellin alikuwa wa 9. Nyumbani mwao alikaa pia shangazi yake Louise, mtawa aliyefukuzwa katika konventi na serikali ya mapinduzi. Huyo ndiye aliyemfundisha sala zake za kwanza. Shule nyingi za zamani zilikuwa zimevunjika siku zile, na watoto wa milimani walikua wakijua ng'ombe na jembe tu.

Hatimaye mwalimu alipatikana Marlhes, naye Marcellin akapelekwa kwake. Mwalimu alimwona ni mtoto mwenye haya, akataka kumtia moyo, akamwita mbele asome. Mtoto mwingine, mwepesi kuliko yeye, akajitanguliza mbele yake. Mwalimu akampiga kofi zito, akamrudisha nyuma ya chumba akilia. Marcellin alipotoka shuleni siku ile aliwaambia wazazi wake kwamba hatarudi tena, na kweli hakurudi.

Yafaa kuliangalia jambo hilo vizuri. Kofi halikumpata yeye, lilimpata mwenziwe, tena mwalimu alikusudia kumpendeza yeye. Yule mwalimu huenda alisahau kabla jua halijatua. Lakini mtoto mmoja wa kijiji kile alipoteza miaka yote ya kusoma, naye alilikumbuka kofi lile mpaka uzeeni. Kuna na jambo la pili la utotoni ambalo alikuwa akiwasimulia Mafrere wake. Padre mmoja aliyefundisha katekisimu alimpa mtoto msumbufu jina la utani mbele ya wenzake. Watoto walilipokea jina hilo kama zawadi, wakamwitia kila njiani, hata mtoto yule akawa mkiwa, mkali, mwenye kujitenga na watu. Neno moja lilimwangusha mtoto mzima.

Marcellin basi alijifunza kulima, kuoka mkate, kujenga ukuta, na kufanya biashara ndogo ya wana-kondoo. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 15, padre mmoja alipita Marlhes akitafuta vijana wa kupeleka seminari. Kijana akakubali. Lakini seminari ilitaka Kilatini, naye hata lugha ya nyumbani hakujua kuiandika sawasawa. Alipelekwa kwa shemeji yake aliyekuwa mwalimu huko Saint-Sauveur. Shemeji akajitahidi naye, kisha akawaambia wazazi kwamba kijana huyu hana kichwa cha masomo. Mwaka 1805 aliingia hata hivyo katika seminari ndogo ya Verrières, mtu mzima wa miaka 16 ameketi kati ya watoto. Mwisho wa mwaka wakubwa wa seminari walimwambia abaki nyumbani. Mama yake hakukubali. Wakaenda pamoja kuhiji La Louvesc, penye kaburi la Mtakatifu Jean-François Régis. Ndugu na marafiki wakamwombea kwa wakubwa, naye akapokelewa tena. Tangu hapo alisoma kwa nguvu, akaendelea polepole kama mtu apandaye mlima akiwa na mzigo.

Mwaka 1813 aliingia seminari kubwa ya Lyon. Humo alikuwamo pia Jean-Marie Vianney, ambaye naye Kilatini kilimtesa, na ambaye leo anaheshimiwa kama Mtakatifu Paroko wa Ars. Wakati wa likizo Marcellin alirudi Le Rosey na kuwakusanya watoto wa jirani awafundishe dini. Siku moja alishika tofaa mkononi akawaonyesha kwamba dunia ni ya mviringo namna ile, na kwamba upande wa pili wako watu ambao hawajalisikia jina la Mungu. Kati ya wasikilizaji alikuwamo mtoto Jean-Baptiste Epalle. Mtoto huyo alikua, akawa askofu, akaenda mpaka visiwa vya Solomon, akauawa huko mwaka 1845. Alikuwa akisema kwamba wito wake ulianza siku ile ya tofaa. Tofaa ni tunda la kila shamba katika nchi ile, kama parachichi Kivu. Halikumgharimu mwalimu chochote ila kufikiri kabla ya kuanza kusema.

Alipewa daraja ya upadre tarehe 22 Julai 1816. Kesho yake yeye na wenzake, jumla 12, walipanda kwenye kanisa dogo la Bikira Maria wa Fourvière, wakaahidi kuanzisha shirika la Maria. Marcellin alikuwa amekwisha kuwaambia wenzake mara kwa mara kwamba shirika litahitaji Mafrere wa kuwafundisha watoto wa vijijini. Wakamjibu kwamba kama anaona hivyo, kazi hiyo aishike yeye.

Alitumwa La Valla, parokia ya milimani, yenye vitongoji vilivyotawanyika penye njia mbaya. Miezi michache baadaye, tarehe 28 Oktoba 1816, aliitwa karibu na Le Bessat kumwona kijana mgonjwa, Jean-Baptiste Montagne, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 18. Padre alipomwuliza juu ya Mungu aliona kwamba kijana hajui kitu, hakuwahi kufundishwa. Akakaa naye karibu saa 2, akamweleza mambo ya lazima kwa maneno machache, akapokea maungamo yake, kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Aliporudi akakuta kijana amekufa. Jambo hilo lilimchoma. Alijiuliza ni watoto wangapi wako katika hali ile ile kila siku, naye hakungoja tena.

Tarehe 2 Januari 1817 aliwaweka vijana 2 katika nyumba ndogo ya La Valla. Mmoja, Jean-Marie Granjon, alikuwa askari wa zamani. Wa pili, Jean-Baptiste Audras, alikuwa na miaka 14 tu. Wote wawili hawakuwa na elimu ya kuwatosha. Mchana walifua misumari ili wapate chakula, na padre akawafundisha kusoma na kuandika. Watu wa mjini wangecheka kuona kwamba hao ndio waalimu wa kesho. Lakini waalimu hodari walikuwa hawapatikani. Mafrere wa Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, waliosifiwa kwa shule zao, hawakuwa wakienda mahali pungufu ya watatu, na kijiji maskini hakikuweza kuwalisha watatu. Ilibidi waalimu wa vijiji watoke vijijini.

Jinsi alivyowatayarisha vijana wake yastahili kusimuliwa kwa utulivu. Kwanza alimtafuta mwalimu aliyewahi kukaa na Mafrere wa La Salle, akamfungulia shule La Valla, na vijana wakamtazama anavyofanya kazi. Waliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Katika shule za zamani mwalimu alimwita mtoto mmoja mezani pake, akamsomesha mstari au miwili, akamrudisha, akamwita mwingine. Yule aliyengoja zamu yake hakuwa na kazi, na asiye na kazi huleta fujo, na fujo huleta fimbo. Katika njia mpya watoto waligawanywa kwa kadiri ya ujuzi wao, kila kundi likawa na kitabu kimoja. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakafuata kwa macho na kidole, na mwalimu aliweza kumwita yeyote aendelee pale pale. Hakuna aliyejua zamu yake itafika lini, kwa hiyo wote walikuwa macho. Fimbo nyingi zilikosa kazi kwa sababu hiyo tu.

Mwalimu yule hakudumu. Mwenendo wake haukulingana na kazi, akaondoka. Ujuzi wake ulibaki. Mafrere waliishika shule kwa hofu, kisha wakaona kwamba wanaweza. Padre aliwatuma pia kufundisha dini vitongojini, akaenda kuwasikiliza, na baadaye akawaeleza walipokosea, faraghani, si mbele ya watoto. Alitaka maswali mafupi, maneno ya kila siku, na mafundisho machache kwa mara moja. Yeye mwenyewe alifanya hivyo kanisani. Alikuwa akimpa picha takatifu mtoto aliyemleta mwenziwe, na wakati wa baridi watoto walitembea katika theluji wafike mapema.

Frere Laurent aliomba apelekwe Le Bessat, kule kule alikokufa kijana Montagne. Alipanda mlima na mfuko wa vyakula vya juma zima, akajipikia mwenyewe, na kila siku alipita katika kijiji akipiga kengele ndogo kuwaita watoto. Alikuwa mtu asiye na elimu kubwa. Lakini alikuwa amejifunza vema lile alilokwenda kufundisha, na watu wa Le Bessat walimpenda hata wakawa wanamvulia kofia njiani.

Mwaka 1818 shule ya kwanza nje ya La Valla ilifunguliwa Marlhes, katika kijiji kilichomwona Marcellin akikimbia kofi. Akamweka Frere Louis, yule Audras mdogo, kuwa mkuu wake. Katika shule zake aliwakataza waalimu kuwapiga watoto na kuwapa majina ya dhihaka. Alifundisha kwamba hawezi kumlea mtoto mtu asiyempenda, na kwamba yapasa kuwapenda wote sawasawa, maskini, wachafu na wazito wakiwa wa kwanza kuangaliwa. Si kwamba aliacha kila mtoto afanye atakavyo. Alipenda utulivu darasani kuliko waalimu wengi. Ila alitaka utulivu utokane na kazi iliyopangwa. Aliingiza pia kuimba katika shule zake, kwa maana aliona kwamba mtoto aliyechoka kusoma huamka akiimba, na kwamba mtoto apendaye kuimba huja shuleni kesho yake.

Kusoma ndiko kulikomsumbua zaidi, labda kwa sababu yeye mwenyewe aliteseka nako. Siku zile mtoto wa Kifaransa alianza mara nyingi na kitabu cha Kilatini, lugha asiyoielewa, kwa kuwa Kilatini husomwa kama kinavyoandikwa. Mtakatifu de La Salle alikuwa ameonyesha zamani kwamba ni afadhali mtoto aanze na lugha ya nyumbani. Ilibaki taabu ya herufi. Mtoto alifundishwa majina yake kwanza: ef, em, er. Alipotaka kusoma fa, alitamka ef, akatamka a, kisha aliambiwa kwamba jumla yake ni fa. Naye akabaki akiwaza ile e ya mwanzo imepotelea wapi. Na afikiriwe mtoto wa Walungu anayeambiwa kwamba em na a, em na a, ni mama. Njia mpya iliita herufi kwa sauti iliyo karibu na kazi yake: fe, me, re. Champagnat aliikubali.

Mwaka 1829 kukawa na manung'uniko kati ya Mafrere. Walilalamikia mambo matatu: soksi za kitambaa, vifungo vya kanzu, na hiyo njia ya kusoma. Kwa msomaji wa leo yaonekana ajabu kuona herufi zikitajwa pamoja na soksi. Lakini mwalimu aliyezoea njia moja huiona kama sehemu ya mwili wake, na kuivua ni kazi. Baadhi yao walifundisha vizuri kwa njia ya zamani, wakauliza kwa nini waibadili. Padre aliwasikiliza, akaomba shauri kwa watu wenye ujuzi, kisha akaishika njia mpya kwa shule zote. Aliona kwamba kipimo chake ni mtoto anayechelewa. Kwa mtoto mwepesi njia zote ni nzuri.

Wakati huo alikuwa amekwisha kujenga nyumba kubwa ya Hermitage katika bonde la mto Gier. Aliijenga mwaka 1824 na 1825, akivunja mawe na kupanga kuta kwa mikono yake, hata mapadre wengine wakaona ni aibu kwa kanzu yake. Mwisho wa mwaka 1825 kazi na safari zilimwangusha kitandani, karibu afe, na wenye kumdai fedha wakaanza kukusanyika mlangoni. Karibu miaka 3 nyuma, Februari 1823, alikuwa ameponea chupuchupu katika theluji pamoja na Frere Stanislas, walipopotea njia wakitoka kumwona Frere mgonjwa. Walisali, wakaona taa ya mwenye nyumba mmoja, wakaokoka.

Kila mwaka, likizo ilipofika, Mafrere wote walirudi nyumbani kwao kwa mafungo na masomo. Hapo aliyefundisha mwaka mzima alikaa tena kwenye benchi. Alipimwa mwandiko wake, hesabu zake, sarufi yake na katekisimu yake, na wenye ujuzi waliwasaidia wenye upungufu. Wazee nao hawakuachwa. Kisha mwaka wa shule ulipoendelea, padre alikwenda kwa miguu kuzitembelea shule. Aliingia darasani, akawauliza watoto maswali, akafungua madaftari, akasifu panapostahili. Maswali yake kwa watoto yalikuwa kweli maswali kwa mwalimu, nao Mafrere walijua.

Serikali ilimpa taabu nyingine. Sheria ya mwaka 1833 ilidai kwamba kila mwalimu wa shule ya msingi awe na cheti, na shirika lake lilikuwa halijakubaliwa kwa sheria, hivyo vijana wake waliweza kuchukuliwa jeshini. Mwaka 1836 alikwenda Paris, na tena mwaka 1838 alikaa huko kwa miezi, akipanda na kushuka ngazi za ofisi, akipokelewa kwa adabu na kurudishwa mikono mitupu. Kibali kilitoka mwaka 1851, naye alikuwa kaburini. Hata hivyo, kabla ya kufa, aliwaona Mafrere wake wa kwanza wakisafiri mwisho wa mwaka 1836 kwenda visiwa vya Oseania. Yeye pia alitaka kwenda, lakini mwili ulikuwa umekwisha.

Mwezi Oktoba 1839 Frere François alichaguliwa kushika nafasi yake. Padre Champagnat alikufa kwa ugonjwa wa tumbo alfajiri ya Jumamosi, tarehe 6 Juni 1840, akiwa na umri wa miaka 51. Aliacha Mafrere karibu 300 na shule 48. Kitabu cha kuwaongoza waalimu katika shule hizo, kilichokusanya mafundisho yake, kilipigwa chapa na Mafrere mwaka 1853. Baba Mtakatifu Pius XII alimtangaza kuwa mwenye heri mwaka 1955, na tarehe 18 Aprili 1999 Yohane Paulo II alimwandika katika orodha ya watakatifu.

Mafrere Wamaristi waliingia Kongo mwaka 1911, na baadaye wakafika Kivu. Tangu mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa pande za Bukavu, Mafrere walikuwa pamoja nao katika kambi ya Nyamirangwe, karibu na Bugobe, wakishughulika na masomo ya watoto waliokuwa hawana shule tena. Mwezi Oktoba 1996 vita vilipokaribia, wengi walikimbia. Mafrere 4 kutoka Hispania, Servando Mayor, Julio Rodríguez, Miguel Ángel Isla na Fernando de la Fuente, walikataa kuwaacha wale waliobaki pasipo mtu. Waliuawa jioni ya tarehe 31 Oktoba, siku 2 baada ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa kuuawa mjini Bukavu. Miili yao ilipatikana wiki 2 baadaye, ikazikwa Nyangezi.